Ni jina tu? Habari za kuluna, kutoka Kinshasa mpaka ng'ambo

TUZUNGUMZE NYUMBANI

Mwezi huu tunaandika habari ambayo wazazi kadhaa wametuuliza, na mmoja wao alikuja na daftari mkononi.

Ni mama anayeishi Kimisagara. Alikuwa anatafuta karatasi ya kuwashia mbabula, akafungua daftari la zamani la mwanawe mwenye miaka 13. Kwenye kurasa za nyuma, pale ambapo mwalimu hafiki, aliona panga limechorwa kwa kalamu nyekundu. Chini yake kulikuwa na majina ya rafiki watano, na juu neno moja kwa herufi kubwa: KULUNA.

Mama alituambia hivi: "Mimi nilitoka Masisi, kuluna nilisikia kwa redio tu, mambo ya Kinshasa. Huyu mutoto amezaliwa hapa Rwanda. Kinshasa hajui hata iko upande gani. Kuluna ameitoa wapi?"

Mtoto alipoulizwa alijibu: "Ni jina tu, mama. Jina la ekipe yetu."

Tulitaka kumpa mama yule jibu la haraka, tukaona haliwezekani. Tukakaa, tukauliza, tukasoma. Haya ndiyo tuliyoona yafaa mjue, wazazi na watoto pia.

Lilianzia wapi

Kuluna ni vijana wa Kinshasa wanaotembea kwa makundi, wengi wakiwa na mapanga, wengine na chupa zilizovunjwa au vyuma. Wananyang'anya simu, pesa na mikoba. Jioni watu wanaporudi kutoka kazini na sokoni, ndipo wanapotokea. Wanaoumia mara nyingi si matajiri. Tajiri yuko ndani ya gari. Anayeumia ni mama muuza mikate, mwanafunzi, fundi anayerudi kwa miguu. Mitaa kama Yolo, Makala, Selembao, Masina na Kimbanseke inalijua jina hilo vizuri.

Neno lenyewe, wengi wanaeleza kwamba limetoka Angola, kwenye Kireno: coluna, yaani msafara wa askari wanaotembea kwa mstari. Miaka ya 1990 vijana wengi wa Kongo walivuka mpaka kwenda Lunda Norte kutafuta almasi, kule kukiwa na vita. Walirudi na dola, na nguo, na maneno mapya. Kwa hiyo tangu mwanzo jina hili lilikuwa msafiri.

Lakini jina peke yake halishiki panga. Kulikuwa na mambo mengine. Kinshasa ilikua haraka kuliko shule zake na kazi zake. Baba alikosa mshahara, mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kijana asiye na kazi alitafuta mahali pa kuheshimiwa. Katika mitaa mingi mahali hapo palikuwa uwanja wa mazoezi: ndondi, judo, karate. Kijana mwenye misuli aliitwa pomba, na watoto walimfuata. Mtaa huu ukapigana na mtaa ule, kwanza kwa ngumi. Makundi yakajiita écurie, neno la Kifaransa la zizi la farasi. Miaka ya 2000 ikifika katikati, ngumi zilikuwa zimeacha nafasi kwa mapanga, na ugomvi wa mitaa umekuwa wizi.

Angalieni jambo hili, wapendwa. Mwanzo wake haukuwa wizi. Mwanzo wake ulikuwa kundi, yaani vijana waliotaka kuwa na watu wao na jina lao. Kijana gani hataki hivyo?

Wakubwa waliowatumia

Kuna jambo lingine ambalo si la kunyamaziwa. Kuanzia wakati wa uchaguzi wa 2006, wanasiasa waliona faida katika vijana hawa. Wengine waliwalipa wawalinde kwenye mikutano, wengine waliwalipa wakawatishe wapinzani. Kampeni ilipokwisha, mwanasiasa alipanda gari lake, kijana akabaki na panga lake.

Wale waliokuwa Bujumbura miaka ya 1990 hawatashangaa. Wanakumbuka vijana wa Sans Échec, ambao nao walianza kama kundi la mtaa tu, na wanakumbuka jinsi wakubwa walivyowatumia kufanya mambo ambayo wao wenyewe hawakutaka kuonekana wakiyafanya. Kijana akipewa pesa na silaha na mtu mzima, kosa si la kijana peke yake.

Ngumi ya serikali

Tarehe 15 Novemba 2013 polisi wa Kongo walianzisha operesheni waliyoiita Likofi, maana yake ngumi. Watu wa Kinshasa walikuwa wamechoka na makuluna, wengi walifurahi. Furaha haikudumu.

Polisi walikuja usiku, wengine wamefunika nyuso, wakawatoa vijana majumbani. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza, likatoa ripoti mwaka 2014: katika miezi mitatu vijana wasiopungua 51 waliuawa, na wengine 33 walipotea, hawakuonekana tena. Watano kati ya waliouawa walikuwa na umri wa miaka 14 mpaka 17. Wengine hawakuwa makuluna hata kidogo. Walikuwa watoto wa barabarani, au vijana waliokutwa tu mahali pabaya. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ilitoa ripoti yake Oktoba 2014, na mkuu wa ofisi hiyo akafukuzwa nchini.

Tunawaandikia haya si kwa kuwatetea wezi. Mama aliyekatwa mkono kwa sababu ya simu ana haki ya kulindwa. Tunayaandika kwa sababu ya neno la yule mtoto: "ni jina tu." Zile siku za Likofi, kuitwa kuluna na jirani, au kukaa kwenye kona na vijana wanaoitwa hivyo, kulitosha kumfikisha mtu kaburini. Mbele ya mlango usiku ule, hakuna aliyepewa nafasi ya kueleza kwamba ni jina tu.

Jina lilivuka mto

Kinshasa na Brazzaville zinatazamana. Katikati kuna mto Kongo, na ukisimama ng'ambo hii unaona majumba ya ng'ambo ile. Lugha ni moja, Kilingala, na watu wanavuka kwa boti kila siku kufanya biashara. Wakati wa Likofi makuluna wengine walivuka kukimbia. Visa vya wizi viliposikika Brazzaville, jina likawa mdomoni mwa kila mtu: ni wale wa ng'ambo.

Aprili 2014 polisi wa Brazzaville walianzisha operesheni yao, wakaiita Mbata ya Bakolo, yaani kofi la wakubwa. Walisema wanatafuta wahalifu na watu wasio na karatasi. Lakini mwisho wa yote waliorudishwa Kinshasa hawakuwa makuluna mia mbili au mia tatu. Mwaka ule walivuka zaidi ya watu 130,000: wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa kukimbia kabla hawajafikiwa. Walikuwamo akina mama wauza samaki, mafundi seremala, wanafunzi, wake walioolewa kule na watoto waliozaliwa kule. Walikuwamo hata wakimbizi wenye karatasi zao. Walishuka bandari ya Ngobila na mabunda kichwani, na wengine hawakuwa na nyumba ya kufikia Kinshasa.

Sisi wakimbizi tusome habari hii mara mbili. Wachache walifanya ubaya, jina lao likabandikwa juu ya wote wanaosema lugha moja nao. Methali yetu inasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa samaki ni kweli. Kwa watu si haki, lakini ndivyo wenye nchi wengi wanavyohesabu wanapokuwa na hasira. Kijana wetu anayejichukulia jina baya, hajichukulii peke yake. Anawachukulia mama yake, jirani yake, na mtu ambaye hata hajapata kumwona.

Na je, Brazzaville ilipona? Hapana. Miaka iliyofuata yalitokea makundi ya vijana wenye mapanga wanaoitwa bébés noirs, na wengi wao ni watoto wa Brazzaville wenyewe. Ng'ambo ilifukuza watu, lakini sababu zilizowazaa makuluna zilikuwa tayari zimo nyumbani kwao.

Ng'ambo ya bahari

Mzee mmoja alitusikia tukizungumza haya, akasema: "Hayo ni ya Afrika. Sisi tunangoja kwenda Amerika, kule watoto watasahau." Mzee wetu tunamheshimu, lakini hapo tunaomba kumpinga kidogo.

Kundi la MS-13, ambalo jina lake linatisha dunia nzima, halikuzaliwa El Salvador. Lilizaliwa Los Angeles, Marekani, miaka ya 1980, kati ya watoto wa wakimbizi. Wazazi wao walikimbia vita vya El Salvador vilivyoanza 1980. Walifika katika mitaa ya maskini, wakafanya kazi mchana na usiku. Watoto walikuta makundi mengine yameshagawana mtaa, wakapigwa, wakachekwa, nao wakaunda la kwao ili wajilinde. Vita vilipokwisha 1992, Marekani ikaanza kuwarudisha kwa maelfu wale waliofungwa. Vijana waliotoka kwao wakiwa wadogo wakarudishwa katika nchi wasiyoijua, hawana kazi, hawana jamaa, wana kundi tu. Ndivyo kundi lilivyoenea El Salvador, Honduras na Guatemala. Machi 2022 serikali ya El Salvador ilitangaza hali ya hatari, na tangu hapo wamekamatwa watu zaidi ya 80,000. Maelfu waliachiwa baadaye, na familia nyingi zinasema watoto wao hawakuwa na kosa. Likofi nyingine, nchi nyingine.

Ubelgiji pia, Brussels kuna mtaa unaoitwa Matonge, kwa jina la Matonge ya Kinshasa. Miaka ya 1990 na 2000 yalikuwapo pale makundi ya vijana, wengi wenye asili ya Kongo, waliogombana mpaka wengine wakafa. Hawakutumwa na mtu kutoka Kinshasa. Wengi walikulia Ubelgiji. Walijiona si wa kule wala si wa huku, na kundi likawaambia: wewe ni wetu.

Na Australia, ambako baadhi ya jamaa zetu wamepelekwa? Machi 2016 vijana walifanya fujo katikati ya mji wa Melbourne wakati wa sikukuu ya Moomba. Magazeti yakalitaja kundi la Apex, jina la barabara moja ya Dandenong, na kwa muda mrefu yakaandika kana kwamba ni kundi la Wasudani wa Kusini. Polisi baadaye walisema wazi kwamba ndani yake walikuwamo vijana wa asili nyingi, na kwamba halikuwa kundi lenye mpango wowote mkubwa. Lakini jina lilikuwa limeshakimbia. Januari 2018 waziri mmoja wa Australia alisema watu wa Melbourne wanaogopa kwenda kula usiku kwa sababu ya magenge ya Kiafrika. Mtoto wa Sudan Kusini aliyekuwa anaenda zake maktaba na begi mgongoni, naye akawa anatazamwa vibaya kwenye treni.

Basi, mzee wetu, ndege haifuti kitu. Kundi kama hili halisafiri ndani ya sanduku. Linasafiri kwa jina, kwa nyimbo, na siku hizi kwa video za simu, ambako ndiko mtoto wa Kimisagara alikolitoa. Likifika, linamtafuta kijana asiye na watu. Na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wako vijana wetu waliokuwa wameshaaga rafiki, na safari haikuwapo. Kijana aliyeaga akabaki, huyo pia tumwangalie kwa jicho la karibu.

Je, kuluna anaweza kugeuka?

Serikali ya Kongo imejaribu njia mbili. Ya kwanza ni Kaniama-Kasese, huko Haut-Lomami, mahali pa Huduma ya Taifa. Tangu 2020 hivi vijana waliokamatwa Kinshasa wamekuwa wakipelekwa kule kulima mahindi, kujifunza useremala na ujenzi. Kule wanaitwa wajenzi, na wametengeneza madawati ya shule na kujenga nyumba. Wako wanaolalamika kwamba wengine hupelekwa bila hukumu, na malalamiko hayo yana uzito. Lakini inaonyesha kwamba mkono ulioshika panga unaweza kushika msumeno, na kwamba kubadilishiwa jina nako kunasaidia.

Njia ya pili ni kifo. Machi 2024 serikali ilirudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, uliokuwa umesimama tangu 2003. Mwanzoni mwa Januari 2025 ilitangazwa kwamba wafungwa zaidi ya 170 waliohukumiwa kufa, wanaohesabiwa kuwa makuluna, wamehamishwa kutoka Kinshasa mpaka gereza la Angenga, kaskazini. Walikuwa na umri wa kati ya miaka 18 na 35. Kila mmoja ana mama mahali fulani.

Kati ya daftari la shule na Angenga kuna njia ndefu. Sisi wazazi tuko mwanzoni mwa njia hiyo, mahali ambapo maneno bado yanatosha. Samaki mkunje angali mbichi.

Tufanye nini nyumbani

Tumekusanya mawazo ya wazazi na ya vijana wenyewe.

Kwanza, tuwajue rafiki wa watoto wetu kwa majina, na wazazi wao pia. Kijana mmoja alituambia: "Baba anajua namba ya kadi yangu, hajui rafiki yangu ni nani." Neno hilo lilituuma.

Pili, ekipe ni nzuri, lakini ekipe iwe na mtu mzima. Tumeona kwamba makuluna wenyewe walianzia kwenye mazoezi ya ndondi na judo. Mpira, kwaya, karate, vyote ni sawa, mradi awepo mkubwa anayesema "hapa tunacheza, hatumpigi mtu," na anayeuliza mtoto asipofika.

Tatu, tusiwe wepesi kuwaita watoto kuluna au maibobo kwa sababu tu wamekaa kwenye kona na hawana kazi. Mtoto akiitwa hivyo kila siku, mwisho ataona heri awe hivyo kweli.

Nne, kwa ninyi mnaojiandaa kwenda ng'ambo: miezi ya kwanza shuleni ndiyo ya hatari. Msimuulize mtoto alama tu. Muulizeni: unakula na nani mchana? Kuna anayekupiga? Kuna anayecheka lugha yako? Na hata kama kazi ni za usiku, mtu mzima mmoja awe anakula naye.

Tano, kama mtoto ameshaingia, tusifiche kwa aibu. Twende kwa mzee tunayemwamini, kwa mchungaji au shehe, kwa kamati ya vijana, kwa ofisi inayohusika na ulinzi wa watoto kambini. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tulirudi Kimisagara wiki iliyopita. Mama hakumpiga mtoto. Alimkalisha pamoja na wale rafiki wanne, akawapikia maharagwe na ubugali, akawaeleza habari za Likofi na za wale waliovushwa mto na mabunda yao. Watoto walinyamaza. Kisha mmoja akauliza: "Sasa mama, ekipe tutaiita nani?" Mama akawaambia watafute jina ambalo hata bibi yao anaweza kuliita kwa sauti kubwa barabarani bila kuona haya. Mpaka tunaandika haya walikuwa bado wanabishana. Jirani mmoja, kijana fundi pikipiki, amekubali kuwafundisha mpira kila Jumamosi.

Maswali ya kuzungumza jioni hii

1. Ni kundi gani unaloona ni lako, na ni nani alikuingiza?
2. Umewahi kubebeshwa kosa la mtu mwingine kwa sababu ya lugha yako au nchi yako? Ulifanya nini?
3. Baba na mama, mnaweza kutaja majina ya rafiki watatu wa kila mtoto wenu?

Majibu yenu tuleteeni kama kawaida, kwa barua au kwa mdomo. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.